Kuanzia Kiunoni Kwenda Juu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi Mwalimu Herminia Cuautle alipanda juu ya dawati, akaondoa taulo la maua lililofunika televisheni, akalikunja mara nne na kuliweka kabatini. Taulo lilikuwa zawadi ya don Celedonio Ortigoza, mwenye lori, ambaye ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa televisheni hiyo. Pale Ocotitla kitu chochote kipya kilichopandishwa mlimani kilibatizwa kabla ya kutumiwa. Televisheni ya shule ilinyunyiziwa maji ya baraka mbele ya kijiji kizima, watu wakala bata mzinga kwa mole, mchuzi mzito wa pilipili, na tangu siku hiyo don Celedonio alimwita kila mwalimu aliyepita pale kompadre au komadre, yaani mzazi mwenzake, kwa sababu walikuwa wanalea mtoto mmoja.

Walimu hao walipita mmoja mmoja. Shule ilikuwa na chumba kimoja, madarasa matatu, wanafunzi kumi na tisa na mwalimu mmoja. La kwanza lilipotazama somo kwenye televisheni, la pili liliandika, na la tatu lilisubiri. Zamu ya la tatu ilipofika, zilikuwa zimebaki dakika arobaini, na vichwa vyote vilikuwa vimeshaanza kuinama, kikiwemo cha mwalimu. Mwaka uliotangulia, wanafunzi wanne wa darasa la tatu waliteremka mjini kufanya mtihani wa kuingia shule ya juu, na wote wanne walianguka aljebra. Wawili sasa walikuwa wanachuma kahawa. Wawili walivuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi na hawakuandika barua.

Kwa hiyo Herminia aliandika barua kuomba mwalimu wa pili. Katika miaka minne aliandika barua sita, na ofisi ya elimu ilijibu kila moja bila kuchelewa. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa projekta. Ya pili ilijibiwa kwa ubao wa kisasa wa kugusa kwa kidole, ambao ukuta haukuweza kuubeba, basi ukalazwa juu ya matofali na kufanywa meza ya kulia. Ya tatu ilileta vishikwambi kumi na tisa visivyo na chaja. Ya nne, kompyuta mbili. Ya tano, kipaza sauti. Ya sita, kabati la kufungia kipaza sauti. Kila kitu kilikuja na hati ya dhamana, na Herminia alitia saini kwamba amekipokea kikiwa katika hali nzuri na kwamba kikipotea ataulizwa yeye. Shule ikawa na skrini ishirini na tatu.

Mwaka huo darasa la tatu lilikuwa na watoto watano. Aliyeongoza alikuwa Rosenda Tlatelpa, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, asiyekubali jambo mpaka alione limeandikwa. Mwezi wa Septemba, wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya shule, Herminia alimwambia kwamba kabla ya mtihani wa Juni atakuwepo mwalimu wa pili.

"Unaahidi, Mwalimu?"

"Naahidi."

Rosenda alichukua daftari akaandika tarehe.

Chuoni Herminia alifundishwa kwamba video haifundishi. Kinachofundisha ni pale unapoisimamisha. Alionyesha dakika nne, akabonyeza rimoti, akauliza swali, akasubiri. Alikuwa mtu wa haya, na ukimya haukumsumbua. Aliweza kusubiri mpaka mama aliyekuwa anapiga tortila, chapati za mahindi, nyumba ya pili amalize donge zima la unga. Mwishowe mtoto mmoja alifikiri, na akifikiri mmoja, wengine walifuata.

Usumbufu ulikuwa wa Profesa Baldomero Quiroga. Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya masomo yote arobaini na moja ya aljebra na jiografia, yaliyorekodiwa mji mkuu kabla mwanafunzi yeyote wa pale hajazaliwa. Alivaa koti la kijivu na tai ya kahawia, na kila aliposimamishwa alibaki ameinua fimbo yake kuelekea ubaoni. Wakati mwingine aliiinua robo saa nzima.

Jumanne moja ya Februari, katikati ya swali, aliishusha.

"Mwalimu," Rosenda alisema, "Profesa ameshusha fimbo."

Herminia alitazama. "Kaishika muda mrefu," alisema. "Haya, eksi ni ngapi?"

"Saba."

"Umeipataje?"

Rosenda alieleza, na somo likaendelea. Siku ya pili Profesa alikohoa kidogo.

"Samahani, mwalimu mwenzangu," alisema. "Kama kusimama huku ndiyo utaratibu, mimi naomba kiti."

Wavulana wawili wa darasa la tatu walimshika kwapani wakamvuta. Alitoka bila shida, kama mkate unavyotoka kwenye kopo lililopakwa mafuta. Alikuwa amepigwa picha kuanzia kiunoni kwenda juu, na hivyo ndivyo alivyotoka. Kiti hakikumfaa, wakamweka juu ya dawati, kati ya tufe la dunia na chupa ya uji wa mahindi. Rangi zake zilikuwa zimefifia, na kila baada ya dakika moja mstari mweupe ulipanda polepole kutoka kifuani mpaka kwenye paji la uso, ukaishia nyweleni. Mchana wakamkaribisha tortila na maharagwe, akala.

Don Celedonio aliposikia, alileta toroli lake la kubebea saruji ili Profesa aweze kusukumwa. Alilitandika gunia, akasimama mbele ya Profesa ameshika kofia.

"Komadre, nisaidie hesabu," alimwambia Herminia. "Televisheni ni mwanangu wa ubatizo. Huyu aliyetoka ndani ya mwanangu ni nani wangu?"

Herminia alifikiri. "Mjukuu."

"Mjukuu ana mvi kunishinda," don Celedonio alisema, akampa mkono. "Karibu, mjukuu wangu. Usikae upande wa dirisha, utapata mafua."

Tangu siku hiyo Profesa alisukumwa hadi barazani kila asubuhi, akafundisha darasa la tatu aljebra, huku Herminia akibaki ndani na la kwanza na la pili. Lakini siku ya kwanza Rosenda alirudi ndani baada ya nusu saa, amekunja uso.

"Njoo usikie mwenyewe, Mwalimu."

Herminia alisimama mlangoni. Profesa alikuwa anatazama juu kidogo ya vichwa vya watoto, kwenye waya wa kuanikia nguo.

"Na sasa, rafiki zangu wadogo, tukigawa pande zote mbili kwa tatu, tunapata nini?" Alinyamaza sekunde tatu kamili. "Vizuri sana!"

"Sijajibu," Rosenda alisema.

"Vizuri sana! Tuendelee."

Herminia aliona aibu kumrekebisha mtu mzima mbele ya watoto. Alingoja wakati wa mapumziko, akachuchumaa kando ya toroli.

"Profesa, ukiuliza, wasubiri."

"Nasubiri. Sekunde tatu. Ndivyo tulivyoelekezwa."

"Subiri mpaka mtu ajibu."

"Na asipojibu mtu?"

"Basi hawajakuelewa, uanze tena kwa njia nyingine."

Mstari mweupe ukampanda Profesa mara mbili.

"Masomo arobaini na moja," alisema mwishowe. "Mwalimu, mimi sijawahi kumwona mwanafunzi hata mmoja. Mbele yangu kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Waliniambia watoto wapo nyuma ya taa, niseme nao. Nikawa naisifu taa."

Herminia alimmiminia uji.

Ilimchukua Profesa wiki mbili kujifunza kusubiri, na alipojifunza alikuwa mwalimu mzuri. Shida ilikuwa umeme. Profesa alikuwepo nje kwa muda wote televisheni ilipokuwa imewashwa na picha imesimamishwa. Mvua ikikata umeme alitoweka katikati ya neno, gunia likabaki linabonyea, na umeme ukirudi alikutwa ndani ya kioo, fimbo juu, hakumbuki kitu. Wavulana walimvuta upya. Kazi ya kumfundisha kusubiri ikawa ya Rosenda. Mwanzoni alitumia asubuhi nzima. Kufikia Aprili alitumia dakika sita.

"Rafiki zangu wadogo, tunapata nini? Vizuri sana!"

"Bado, Profesa. Nitazame mimi, siyo waya. Mimi ni Rosenda. Uliza tena."

"Tunapata nini, Rosenda?"

"Sasa nyamaza."

Na Profesa alinyamaza.

Mwezi huo huo alikuja mkaguzi Arnulfo Zamudio, mtu mnene mwenye viatu vya mjini, aliyepanda mlima mara moja kwa mwaka kuhesabu vifaa. Alihesabu vishikwambi kumi na tisa, akala chakula juu ya ubao wa kidole, akausifu. Kisha Herminia alikusanya ujasiri wake wote.

"Bwana mkaguzi, barua zangu sita za kuomba mwalimu zilisomwa?"

"Zilisomwa sana. Ila zina kasoro. Ombi la mwalimu likiwa na saini ya mwalimu mmoja, hayo ni maoni binafsi. Kwa maoni binafsi tunaleta kifaa. Likiwa na saini za walimu wawili, hilo ndilo ombi rasmi."

"Lakini ninaomba mwalimu wa pili kwa sababu sina mwalimu wa pili."

"Ndiyo," Zamudio alisema kwa huruma. "Shule nyingi zina kasoro hiyo hiyo."

Herminia alitoka kwenda barazani. Dakika tano baadaye alirudi na barua ya saba ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Chini yake kulikuwa na saini mbili, ya pili ikiwa ya Profesa Baldomero Quiroga, yenye mikia mirefu ya kizamani.

Mkaguzi aliisoma, akaenda barazani, akalizunguka toroli mara moja.

"Wewe ni mwalimu?"

"Mwalimu wa aljebra na jiografia," Profesa alisema. "Nina cheti."

"Kiko wapi?"

"Mfuko wa suruali."

Mkaguzi aliinama kutazama, akainuka. "Umetokea wapi?"

"Pale," Profesa alisema, akaonyesha televisheni.

"Televisheni ile ina namba ya orodha. Kinachotoka ndani yake ni sehemu yake, kama rimoti."

"Rimoti haifundishi aljebra, mzee!" Rosenda alisema.

"Binti, mimi sijasema rimoti ni nzuri au mbaya." Zamudio alitoa kwenye mkoba stika yenye namba, akailamba, akaibandika kwenye koti la kijivu, chini ya bega la kushoto. "Hongera, Mwalimu. Hiki kinafanya kazi vizuri kuliko vyote nilivyokagua mwaka huu. Kifaa hakitii saini, kwa hiyo barua yako nitaichukua kama maoni binafsi. Tia saini hapa."

Herminia alitia saini kwamba amempokea Profesa Baldomero akiwa katika hali nzuri. Usiku ule mvua ilikata umeme, na asubuhi Profesa alivutwa upya, hakumbuki lolote la mkaguzi. Stika ilikuwepo.

Zamudio aliandika kwenye taarifa yake kwamba Ocotitla wanatumia teknolojia ipasavyo. Mwezi wa Mei wakaja vijana wawili na kamera, wametumwa kurekodi somo la mfano. Walimsimamisha Herminia mbele ya ubao. Waliomba toroli lisogezwe kwa sababu Profesa aliifanya picha ionekane ya zamani, na walimpiga Herminia picha kuanzia kiunoni kwenda juu kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope.

Herminia aliuliza eksi ni ngapi. Kisha akanyamaza.

"Endelea, Mwalimu," alisema mwenye kamera.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Jibu."

Kijana alitazama saa yake, akatazama taa nyekundu. Jirani alikuwa anapiga tortila.

"Sawa, we subiri tu," alisema. "Tutakata baadaye."

Mtihani ulifanyika Juni. Don Celedonio aliwateremsha watano mjini kwa lori na kuwasubiri nje ya geti na parachichi na tortila. Matokeo yalipobandikwa, watatu walikuwa wamefaulu, Rosenda wa kwanza wao. Alirudi na karatasi yake, akafungua daftari kwenye ukurasa wa Septemba.

"Mwalimu, nifute au niache? Uliahidi mwalimu wa pili."

"Profesa amewafundisha."

"Amenifundisha. Ila ana stika."

Herminia alitazama kupitia mlangoni. Darasa la pili lilikuwa na watoto wanane, na mwaka unaofuata wangekuwa la tatu.

"Acha," alisema. "Usifute bado."

Jumamosi moja ya Julai, wahitimu wakiwa wanafanya mazoezi ya dansi ya mahafali uwanjani, don Celedonio akihesabu "moja, mbili, tatu" na kumsukuma Profesa kwenye toroli ili idadi ya wachezaji iwe shufwa, kijana wa ofisi ya elimu alipanda mlima na pikipiki. Alipiga honi.

"Mwalimu Herminia Cuautle? Jibu la barua ya saba. Ni mwalimu."

Muziki ulizimwa. Don Celedonio alivua kofia akatazama nyuma ya pikipiki, kisha barabarani. "Anatembea kwa miguu, masikini?" aliuliza. "Nimfuate na lori?"

"Yupo hapa," kijana alisema, akatoa bahasha.

Barua iliandikwa vizuri. Ofisi ilifurahi kuiletea shule ya Ocotitla mwalimu wa pili, aliyechaguliwa kwa sifa zake na anayeijua jamii ya pale kwa undani. Pamoja nayo kulikuwa na diski moja na hati ya dhamana. Herminia alisoma hati hiyo akiwa amesimama. *Mwalimu, mwanamke, mmoja. Rangi. Kuanzia kiunoni kwenda juu. Hali nzuri.* Palikuwa na nafasi ya maoni. Aliiacha wazi, akatia saini kwamba amejipokea.

Televisheni haikuweza kuguswa, Profesa asije akatoweka, kwa hiyo diski waliiweka kwenye mojawapo ya kompyuta za barua ya nne. Watoto wote, hata wale waliokuja kutazama dansi tu, walikaa sakafuni na don Celedonio alikaa juu ya ubao wa kidole. Kwenye kioo Herminia alitokea mwenye haya, blauzi ya bluu, chaki mkononi.

"Eksi ni ngapi? Vizuri sana! Umeipataje? Vizuri sana! Nani ana njia nyingine? Vizuri sana!"

Hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata pumzi kati ya maneno yake. Walikuwa wamekata ukimya wote. Somo la dakika arobaini lilikuwa limebaki dakika tisa.

"Komadre," don Celedonio alisema kwa upole, "mbona unakimbia hivyo?"

Dakika ya nne ilipofika, Herminia alibonyeza, picha ikasimama. Yule wa ndani alibaki ameinua chaki. Darasa lilisubiri. Jirani alimaliza donge la unga, akaanza jingine. Taratibu, chaki ilishuka.

Wavulana wawili wa darasa la pili walisimama bila kuambiwa, wakamshika kwapani wakamvuta. Wakamweka juu ya dawati. Alitazama madarasa matatu ndani ya chumba kimoja, akamtazama Profesa, akaiona stika. Alipogeuza shingo, naye alionekana na stika mpya chini ya bega la kushoto, aliyotoka nayo ndani ya kioo. Kisha akamtazama Herminia.

"Barua ya saba," aliuliza. "Wamejibu? Vizuri sana!"

"Bado," Rosenda alisema, akasogeza kiti karibu. "Nitazame mimi. Uliza tena, halafu nyamaza."

"Mpe muda," Profesa alisema kutoka kwenye toroli, ingawa hakukumbuka kwa nini.

Yule wa dawatini aliuliza tena. Alinyamaza, na alinyamaza vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa haya.

"Wamejibu," Herminia alimwambia.

Alasiri, watoto walipoondoka, Herminia na yule wa dawatini waliandika barua ya nane. Mmoja alichoka, mwingine akapokea kalamu, na mwandiko haukubadilika popote. Walipofika chini, kwenye mistari miwili ya saini, yule asiye na miguu alishika kalamu, akaitazama stika yake, akairudisha kalamu. Herminia alitia saini peke yake. Kisha akalitoa taulo la maua kabatini, akalikunjua, akakumbuka kwamba sasa vioo vya kufunika ni viwili, akaenda kutafuta mkasi.